Mwongozo wa Kuchagua Mwezi wa Kwenda Kolwezi, na Kufika

Kuna maswali mawili ambayo mgeni wa Kolwezi huyauliza akiwa amekwisha chelewa. La kwanza huliuliza saa tano ya usiku mwezi wa Julai, meno yakigongana: "Kumbe huku kuna baridi?" La pili huliuliza Februari, gari likiwa limezama kwenye tope hadi mlangoni: "Hivi njia hii hupitika kweli?" Maswali yote mawili yana majibu, na majibu yenyewe anayajua kila mtoto wa mtaa wa Manika na kila mama anayeuza makaa sokoni. Ila mgeni hakumuuliza mtu kabla ya kukata tiketi.

Mwongozo huu ni wa kumfanya aulize mapema. Barabara ya shaba siku hizi inaleta watu wa kila namna: dereva wa lori kutoka Dar es Salaam, mfanyabiashara wa Nairobi, mtafiti, padri, mke anayemfuata mume mgodini. Wote nawatakia wafike salama, wakiwa na viatu vyote viwili. Fuateni hatua kwa mpangilio. Anayeruka hatua ataikuta inamngoja barabarani.

Hatua ya kwanza: Iache kalenda ya pwani nyumbani

Wewe uliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja una kalenda kichwani: masika, kipupwe, vuli, kaskazi. Ni kalenda nzuri, imelisha mababu. Lakini Kolwezi iko zaidi ya nyuzi 10 kusini mwa ikweta, juu ya nyanda zenye kimo cha zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na huku mwaka una vipande viwili tu: mvua na ukavu. Mvua huanza kunusanusa Oktoba, hushika kweli Novemba na huachia Aprili. Katika miezi hiyo hunyesha karibu milimita 1,200. Kisha mbingu hufungwa. Juni, Julai na Agosti unaweza kuanika mahindi uani, ukaenda msibani Lubumbashi, ukarudi ukayakuta yamekauka vizuri kuliko ulivyoyaacha.

Mtu wa Songea, Mbeya au Sumbawanga ataelewa haraka, maana kwao pia mvua ni moja kwa mwaka. Mtu wa pwani ndiye anayehitaji kujifunza upya. Mwezi wa Mei, Dar es Salaam ikiwa bado inaruka madimbwi ya masika, Kolwezi imekwisha kauka. Kwa hiyo yule anayeahirisha safari ya Mei kwa sababu "mvua ni nyingi" anakimbia mvua ya kwao, na anaukosa mwezi ambao nitausifu mpaka mwisho wa makala haya.

Hatua ya pili: Taja mji, usitaje nchi

Usimuulize mtu yeyote, "Kongo hali ya hewa ikoje mwezi wa kwanza?" Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3, na ikweta inapita ndani yake. Kaskazini na kusini hazikubaliani juu ya jambo lolote. Januari Kolwezi inaloa usiku na mchana. Januari hiyohiyo Gbadolite na Buta, kule kaskazini, ziko kwenye ukavu wao. Kisangani, karibu na ikweta, mvua haina adabu ya kuaga: hupungua kidogo, kisha inarudi kuchukua mwavuli iliousahau.

Kinshasa ukavu wake ni Juni hadi Septemba, karibu sawa na Kolwezi, lakini usidanganyike. Ukavu wa Kinshasa ni mawingu mazito na joto lililopoa kidogo. Ukavu wa Kolwezi ni anga tupu, jua kali mchana, na usiku wa kutafuta blanketi la pili. Ukienda mashariki, Goma na Bukavu zina ubaridi wa mwinuko na wa Ziwa Kivu, na Kabare, Kivu Kusini, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi mara nyingi zaidi duniani. Ukipanda Ruwenzori hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, utakuta barafu, na bado umo Kongo.

Basi kama safari yako ina miji kadhaa, usihangaike kutafuta mwezi ulio mzuri kote. Haupo. Fanya hivi: tafuta mji ambao barabara yake ni mbaya kuliko zote, uupe mwezi wake mzuri, kisha ile miji yenye uwanja wa ndege wa kuaminika uipange kandokando yake. Wengi hufanya kinyume. Wanaupa mji mkuu mwezi mzuri, halafu mji wa tope wanaupelekea maombi.

Na kama unaunganisha ndege Kinshasa, beba kalenda mbili. Desemba 13, 2022, mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 100 katika mji huo na kuikata Barabara ya Taifa namba 1, ile inayoelekea bandari ya Matadi. Aprili 2025 mto Ndjili ulifurika, ukaifunga njia ya kwenda uwanja wa ndege. Kwa hiyo ukipitia Kinshasa kati ya Novemba na Aprili, usiache saa mbili tu kati ya ndege na ndege. Weka siku nzima. Kumbuka pia kuwa saa ya Kolwezi iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja, ndani ya nchi ileile. Wapo waliowahi uwanja wa ndege kwa saa ya Kinshasa, wakaikuta ndege ya Kolwezi imeondoka kwa saa ya Kolwezi.

Kuhusu mashariki niseme wazi: Goma ilitwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Kwa upande ule, swali la usalama linatangulia swali la mvua, na wa kulijibu ni mtu aliyeko hukohuko leo.

Hatua ya tatu: Uchague mwezi kwa kazi inayokupeleka

Hakuna mwezi mbaya Kolwezi. Kuna mwezi usiofaa kazi yako. Tuipitie miezi.

Mei. Mvua imeondoka, nyasi bado ni za kijani, vumbi halijaamka na hewa haina moshi. Mahindi yamevunwa, bei ya unga imeshuka, na bukari, ugali wa huku, ni ya mahindi mapya. Barabara zimeanza kukauka. Ukija kuona ndugu, kuona nchi, kupima shamba au kupiga picha, njoo Mei. Wenyeji wana nafasi ya kukaa nawe, kwa sababu jembe limepumzika.

Juni na Julai. Huu ni wakati wa mashika, baridi ya Katanga. Mchana utavua koti na kulisifia jua. Jua likizama utalitafuta lile koti kwa haraka kuliko simu yako. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kwenye nyanda za juu zaidi kuna alfajiri ambazo umande huganda juu ya nyasi. Simama saa kumi na mbili asubuhi karibu na kituo cha mabasi uone Kolwezi ilivyovaa. Dereva wa pikipiki, wewa, ana koti la sufi, kofia iliyoziba masikio na glavu zisizofanana. Mama muuza chai ameisogeza mbabula yake, jiko la makaa, katikati ya miguu ya wateja, makaa yakiwa mekundu, na wateja wanakunywa polepole ili wasiambiwe waondoke. Ni miezi mizuri sana ya kazi za ujenzi na safari ndefu. Ila shule zinafungwa mwanzoni mwa Julai na kufunguliwa Septemba, na kabla ya hapo kuna Juni 30, sikukuu ya uhuru. Viti vya mabasi na ndege hujaa familia. Kata tiketi mapema.

Agosti hadi Oktoba. Moto unapita kwenye msitu wa miombo, moshi unatanda, na vumbi jekundu linaamka nyuma ya kila lori la shaba. Mwenye pumu asije katika miezi hii kama anaweza kuchagua. Oktoba mchana joto hupanda kupita nyuzi 30 na kila mtu anaitazama mbingu. Hata hivyo Septemba ina zawadi yake: kabla halijaanguka tone lolote, miti ya miombo hutoa majani machanga mekundu, na vilima vilivyokuwa vimeungua vinavaa rangi ya divai. Mpiga picha anayevumilia vumbi hatajuta.

Novemba na Desemba. Mvua inarudi kwa ngurumo, na kila mwenye shamba anakimbilia shambani. Ukija sasa kufanya mkutano na wakulima, utafanya mkutano na viti. Lakini mpenda chakula huu ndio wakati wake. Kandokando ya barabara ya Likasi kinamama hupanga matunda ya masuku kwenye mabeseni, na mvua zikishika huja uyoga unaoota juu ya vichuguu. Uyoga huo, ambao wataalamu huuita Termitomyces titanicus, ni miongoni mwa uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani. Kofia yake huweza kufikia upana wa mita moja. Utamwona mtoto ameushika shina kwa mikono miwili akiusimamisha kando ya lami kama mwavuli, na wewe uliyeapa kutosimama hadi Kolwezi utamwambia dereva asimame. Nunua mmoja, unatosha familia. Na Desemba 20, huko Bunkeya, wilaya ya Lubudi, Wayeke humkumbuka mfalme wao Msiri, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Tarehe hiyo haihamishwi kwa sababu ya tope. Anayetaka kuhudhuria aondoke siku tatu kabla.

Januari hadi Machi. Huu ndio moyo wa mvua. Malaria imepanda, maghala yamepungua, unga umepanda bei, na barabara za udongo zimerudi kuwa mali ya vyura. Njoo kama una mgonjwa, msiba, harusi au kazi isiyongoja. Vinginevyo ngoja. Wapo waliotangulia ambao hawakungoja. Julai 1891 msafara wa Kapteni William Stairs uliondoka Bagamoyo na mamia ya wapagazi wa pwani kwenda Katanga kumwekea Mfalme Leopold bendera. Waliwasili Bunkeya Desemba 14, mvua zikiwa zimeshika na chakula kimekwisha kwa sababu ya vita. Walimuua Msiri, lakini mvua hawakuweza kuipiga risasi. Januari na Februari njaa na homa viliwapukutisha. Wapagazi wengi hawakuiona tena Bagamoyo, na Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria Juni 1892 akiwa njiani kurudi. Wapagazi wale walikuwa watu wetu, wazungumzaji wa lugha hii, na hakuna aliyewauliza wangependa kusafiri mwezi gani.

Aprili. Ni mlango. Mvua inachoka, lakini haijaaga. Njoo kama safari yako ni ya lami tu. Kama ni ya udongo, ngoja wiki chache.

Hatua ya nne: Zijue barabara mbili, maana kila moja ina msimu wake

Barabara ya mashariki ni ya lami: Lubumbashi, Likasi, Fungurume, Kolwezi, karibu kilomita 300. Hii hupitika mwaka mzima, na adui wake si mvua bali malori. Shaba na kobalti za jimbo la Lualaba hutoka kwa magurudumu kuelekea Kasumbalesa mpakani mwa Zambia, na kutoka hapo kwenda Dar es Salaam, Durban, Beira na Walvis Bay. Lori moja likilala kando ya mlima siku ya mvua, foleni yake unaweza kuiona kutoka kijiji cha pili. Safiri alfajiri, iwe Januari au Julai. Usiku usiendeshe: kiangazi vumbi linameza taa, masika ya huku shimo limejaa maji na linafanana na lami. Madereva wetu wa Tanzania wanaipita njia hii mwaka mzima, na kila mmoja atakuambia kwamba anayefika mapema ni yule aliyelala mapema.

Barabara ya magharibi ni habari nyingine. Kolwezi kwenda Mutshatsha, Kasaji na Dilolo mpakani mwa Angola, au kupanda Sandoa hadi Kapanga, kwenye himaya ya Mwant Yav wa Walunda, ni udongo, na kwa sehemu kubwa ni mchanga, sehemu ya mchanga ule wa Kalahari uliotambaa hadi huku. Hapa ndipo wengi hupotea hesabu. Wanafikiri kiangazi kikiwa kirefu barabara inazidi kuwa nzuri. Sivyo. Mchanga wenye unyevu kidogo hushikamana, gari likapita juu. Mchanga uliokauka kwa miezi minne hulegea, na tairi linachimba. Wakati wa mvua nako mabonde, yale yanayoitwa madembo, hujaa maji. Kwa hiyo dirisha la magharibi ni fupi: mwezi mmoja au miwili baada ya mvua kukatika, mabonde yakiwa yameshuka na mchanga bado una unyevu. Yaani Mei, na sehemu ya Juni.

David Livingstone alijifunza jambo hilo yeye mwenyewe. Februari 1854 alizivuka tambarare za Dilolo akiwa mgonjwa wa homa, nazo zikiwa zimefunikwa na maji. Aliporudi kwa njia hiyohiyo Juni 1855, ardhi ikiwa imekauka, ndipo alipoweza kuona vizuri kwamba maji ya tambarare ile hugawanyika: mengine huenda Kasai na hatimaye mto Kongo, mengine huenda Zambezi. Mtu yuleyule, njia ileile; mwezi wa pili ulimpa homa, mwezi wa sita ulimpa jiografia.

Ipo pia reli, iliyounganishwa kutoka Tenke hadi Dilolo na kuendelea mpaka bandari ya Lobito mwaka 1931. Shaba inaipenda. Binadamu aulize kwanza stesheni, tena aulize siku yenyewe.

Hatua ya tano: Fungasha kwa ajili ya usiku

Mgeni hufungasha kwa picha aliyoiona: jua, miti, watu wamevaa mashati mepesi. Picha hupigwa mchana. Wewe utalala usiku. Kuanzia Mei hadi Agosti beba sweta la kweli, soksi nene na kofia, hata kama shangazi yako wa Mombasa atakucheka unapoondoka. Agosti hadi Oktoba beba barakoa au leso ya kufunika pua, mafuta ya midomo na dawa ya macho. Novemba hadi Aprili beba buti za mpira, koti la mvua linalofunika begi, chandarua na dawa ya malaria uliyoandikiwa na daktari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni ya miezi yote 12. Mpakani hawaulizi kama kuna mawingu.

Kisha kuna jambo ambalo wageni hulijua wakiwa dukani: noti za dola. Kongo nzima noti yenye mpasuko mdogo hukataliwa, na noti iliyolowa huchanika haraka. Wakati wa mvua zifunge pesa ndani ya plastiki mbili, uziweke mahali ambapo maji hayafiki hata ukianguka. Unaweza kuwa na dola 100 mfukoni na ukakosa chakula cha jioni kwa sababu ya pembe moja iliyonyofoka. Changanya na faranga za kutosha usafiri na mlo.

Hatua ya sita: Usije kutalii mashimo

Hapa sina mzaha. Wapo wanaokuja Kolwezi kwa sababu wamesoma kuhusu kobalti ya simu zao, wanataka kuona wachimbaji wadogo shimoni na kurudi na picha. Huuliza, "Mwezi gani ni salama kuingia?" Hakuna. Juni 27, 2019, katikati ya ukavu, mashimo yaliporomoka kwenye eneo la migodi karibu na Kolwezi, wakafa zaidi ya watu 30. Novemba 15, 2025, kwenye mgodi wa Kalando, daraja la muda liliporomoka, watu wasiopungua 32 wakafa. Waziri wa mambo ya ndani wa jimbo alisema watu walikuwa wamekatazwa kuingia kwa sababu ya mvua kubwa na hatari ya maporomoko.

Mvua huongeza uzito wa udongo na kulegeza kuta; ukavu hukausha kuta hizohizo zikapasuka. Wanaoshuka humo wanashuka kwa sababu ya chakula cha nyumbani, wanajua hatari kuliko mgeni yeyote, na hawakuomba watazamaji. Kama kazi yako ni ya uandishi au utafiti, pata kibali, nenda na watu wa jamii yenyewe, na usikilize wanapokuambia leo hapana. Kama si kazi yako, Lualaba ina mengine ya kukuonyesha: Ziwa Nzilo, lililotengenezwa na bwawa kwenye mto Lualaba wenyewe, soko la samaki, kanisa la Jumapili lenye kwaya tatu.

Hatua ya saba: Waulize watu watatu, si mmoja

Programu ya simu itakuambia kesho kuna mvua asilimia 60. Haitakuambia kuwa daraja la mbao kabla ya Kasaji limeondoka na maji. Hilo wanalijua watu, na watu wenyewe ni watatu.

Wa kwanza ni dereva aliyerudi jana. Aliyerudi mwezi uliopita anakusimulia historia. Mwulize kwa heshima, kisha usikilize sentensi yake ya pili, maana dereva wa Katanga hamkatishi mtu tamaa katika sentensi ya kwanza:

"Papa, njia ya Kasaji iko muzuri?"

"Njia iko, Mama." Ananyamaza, anafuta kioo. "Maji nayo iko."

Hapo umejibiwa. Shuka, ulale Kolwezi.

Wa pili ni mama wa sokoni anayepokea mihogo au samaki kutoka unakokwenda. Mzigo wake usipofika siku mbili, barabara imekatika, hata kama hakuna aliyetangaza. Ukiona bei ya samaki imeruka asubuhi, hiyo ni taarifa ya hali ya hewa.

Wa tatu ni mwenyeji wako: ndugu, paroko, mwalimu, yeyote atakayekupokea. Usimwulize tu kama mvua inanyesha. Mwulize kama huo ni wakati mzuri kwake. Mgeni anayefika Februari, ghala likiwa tupu, atapikiwa tu, kwa sababu huku mgeni halali njaa; lakini atakula mbegu au atakula akiba ya watoto, na hakuna atakayemwambia. Kama huna budi kufika miezi hiyo, fika na gunia la unga. Hiyo ndiyo adabu ya msimu, na ndiyo hatua ambayo vitabu vya watalii havina.

Hukumu

Wengi huchagua mwezi wa safari kwa kuitazama ngozi yao: nitaungua, nitaloa, nitapauka. Mimi nasema uchague kwa kuwatazama watu wanne: dereva atakayekubeba, mama atakayekuuzia, mkulima utakayemkuta shambani, na mwenyeji atakayekulaza. Mwezi unaowafaa hao wanne utakufaa na wewe, kwa sababu ndio wenye barabara, chakula, nafasi na kitanda.

Kwa Kolwezi na Lualaba yote mwezi huo ni Mei. Ukishindwa Mei, chukua Juni na sweta. Ukishindwa vyote viwili, piga simu kabla ya kukata tiketi, na jibu utakalopewa liamini kuliko hamu yako ya kufika. Karibu Kolwezi.